Masinia Manane ya Bi Mwanakheri

Nilikwenda Bagamoyo kutimiza ahadi, na hakuna aliyenilazimisha kuitoa isipokuwa mdomo wangu. Mimi ni msimamizi wa Tuonje, kundi la mtandaoni la watu wanaopenda kula na kusimulia walichokula. Kwa miaka mitatu nimewachosha wenzangu kwa sifa za mgahawa mmoja mdogo wa mji wa zamani, kwa Bi Mwanakheri, ambaye samaki wake wa kupaka humfanya mtu mzima alambe vidole mbele za watu. Siku moja Bi akanipigia simu. Mumewe alikuwa amefariki, eda imekwisha, amefungua tena, lakini nyumba ni ya familia na shemeji yake, Bwana Shomari, anataka chumba cha mbele akipangishe kwa mtu wa kuuza simu. Hoja ya shemeji ilikuwa fupi: hapa hali mtu.

"Nimemwomba Jumamosi moja tu," Bi akaniambia. "Aje akae mlangoni, aone watu wanakula. Zainabu mwanangu, utaniletea watu?"

"Wangapi, Bi?"

"Wa masinia manane. Wanne wanne."

Nikasema nitaleta thelathini na wawili, na nikawaleta. Nilitangaza kundini asubuhi, kabla ya adhuhuri majina yamejaa, kila mmoja na alama zake za moyo na vijiko. Niliwaeleza wote kwamba chumba cha mama huyu kinategemea jioni hiyo. Wote walisoma, maana simu inaonyesha nani kasoma.

Saa tisa alasiri kosta tuliyoikodi iliondoka Tegeta imejaa, na hilo peke yake lilinipa kiburi. Mpango ulikuwa tufike saa kumi na moja, tunyooshe miguu, tutazame milango ya nakshi, na baada ya Magharibi tukae mkekani tule. Nilisimama karibu na dereva nikawaambia, "Jamani, njiani hatuli. Acheni nafasi tumboni." Wakanipigia makofi. Mimi tangu asubuhi sikuwa nimetia kitu kinywani zaidi ya chai, kwa heshima ya Bi Mwanakheri.

Makofi yale yalidumu mpaka Bunju. Hapo Kelvin, mpiga picha wetu, mwanamume mwenye ndevu na akili zake, aliona moshi wa mishikaki akapiga kelele dereva asimame. Nikamkumbusha tulichokubaliana.

"Dada Zai, tulia. Tunaonja tu, freshi."

Lazima niwaeleze wasiotujua. Kundi letu lina kanuni: ukipita chakula ambacho hujawahi kukila, unaonja, unapiga picha, unarusha kundini. Aliyeiandika kanuni hiyo ni mimi. Nilipofungua mdomo kuwazuia, watu watatu wakanisomea kanuni yangu kutoka kwenye simu zao, huku wanacheka. Wakashuka wote. Mshikaki mmoja ukawa minne, na mtu anayemaliza mishikaki minne haonji huyo, anakula.

Mapinga ilikuwa mahindi ya kuchoma na madafu. Nilibaki ndani ya gari nimenuna. Kerege wakashukia mihogo ya kukaanga, ile inayopasuliwa katikati na kujazwa kachumbari na pilipili. Mama Junior, mwenzangu wa siku nyingi, mtu ninayemheshimu, alikuja dirishani na kipande kwenye karatasi.

"Shika, Zai. Muhogo ni upepo tu, hauchukui nafasi."

"Mama Junior, kuna mtu anatupikia tangu alfajiri!"

"Na tutakula! Sisi ndio walaji, au umesahau?"

Nilikikataa kile kipande. Wala sikukikataa kwa upole, nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na njia yote iliyobaki hatukusemeshana. Nilikuwa na njaa kali, na hasira juu yake, na njaa na hasira zikikutana hakuna mwenye adabu.

Kiromo ndiyo iliyotumaliza. Mmoja wao alimjua mtu anayechoma kuku, na kuku wa kuchoma hana haraka. Saa kumi na mbili na nusu jua limeshazama, kuku bado wako juu ya makaa, na walaji wangu wamekaa kwenye viti vya plastiki wanabishana kuhusu ndimu. Simu yangu ikaita.

"Mmefika wapi, mwanangu?"

"Tuko karibu, Bi."

"Maana nimebakiza tui zito. Likishaingia halingoji mtu. Nitie?"

Ningeweza kusema ukweli. Ningesema, Bi, subiri, watu hawa nimeshindwa nao. Lakini niliona haya, nikasema, "Tia, Bi." Halafu nikaenda kumfokea mchoma kuku, ambaye hakuwa amenikosea kitu.

Tuliingia Bagamoyo adhana ya Isha inaadhiniwa. Gari haliwezi kupita vichochoro vile, tukashuka tukatembea, na nyuma yangu nikasikia mtu anacheua. Bwana Shomari alikuwa kwenye baraza, kanzu safi, kofia, miguu imekunjwa. Alionekana amekaa pale muda mrefu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndio hao walaji?"

"Ndio sisi. Tuwie radhi, njia ilikuwa mbaya."

"Njia," akasema.

Bi Mwanakheri alitupokea mlangoni kwa buibui jipya na udi umefukizwa ndani. Hakuuliza tulikochelewa. "Karibuni, karibuni wanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Nyuma yake walikuwepo majirani wawili waliomsaidia kukuna nazi, kanga zimefungwa kiunoni, nyuso zimechoka. Mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta. Bakuli la kunawia likapitishwa, maji ya uvuguvugu na kipande cha ndimu. Kisha masinia yakaja, moja baada ya jingine, manane kamili: wali wa nazi, changu mzima wa kupaka juu yake, mchuzi wa pweza, bilinganya, na pembeni mikate ya kumimina iliyokatwa pembetatu. Harufu yake sitaieleza kwa sababu bado inaniuma.

Kwa desturi ya nyumba kama ile, mpishi hakai kula na wageni. Anasimama kwenye mlango wa jikoni na kungoja sinia lirudi, na sinia linaporudi ndipo anapojua alichopika. Hahitaji kuambiwa. Bi alisimama hapo na wale majirani zake, na Bwana Shomari akavuta kigoda kutoka barazani akakaa palipo na mwanga, anatazama mikono ya watu.

Mikono haikwenda. Ilikwenda kwenye simu. Kelvin alilinyanyua sinia zima mbele ya watu watatu waliokwisha nawa, akalipeleka chini ya taa ya mlangoni, akaliweka juu ya kiti, akaanza kuligeuza. Samaki akapoa hapo juu ya kiti. Kwenye sinia la pili wanabanduabandua wali kwa ncha za vidole, kama mtu anayetafuta mawe. La tatu wamekula pembetatu moja ya mkate na kujinyoosha kwenye mito. Mama Junior, na haya nayaandika kwa uchungu, aliuliza kama kuna soda baridi, tumbo lishuke.

Nililipuka. Nilikwenda kwa kila sinia. "Kuleni! Mlijiandikisha wenyewe! Kelvin, rudisha samaki wa watu! Wewe, tonge moja ndiyo nini?" Niliwatajia mishikaki, nikawatajia mihogo, nikawatajia kuku wa Kiromo mmoja mmoja na nani alikula paja. Watu wakainamisha vichwa. Wachache walijilazimisha matonge mawili matatu, na hakuna kitu kibaya kutazama kama mtu anayemeza samaki mzuri kama dawa.

"Zainabu," Bi akaniita kutoka jikoni. "Njoo ukae, mwanangu. Chako nimekuwekea."

"Nakuja, Bi."

Nikarudi kugomba. Akaniita tena. Nikasema nakuja. Mara ya tatu alinishika mkono kabisa, mkono wake unanukia bizari, nami nikauchomoa kwa sababu nilikuwa nimemwona mtu anafunga mkate wa kumimina kwenye karatasi aende nao. Nakumbuka niliona fahari wakati ule. Nilijiona mimi peke yangu ndiye ninayempigania.

Masinia yalirudi jikoni mazito. Bi alilitazama la kwanza na la pili, halafu akaacha kutazama, akaanza kuwagawia majirani kwenye vyombo vyao, na sinia jingine akalipeleka msikitini. Bwana Shomari alirudisha kigoda chake barazani. Saa tatu niliwaswaga wenzangu kwenye kosta kama mifugo. Nilimuaga Bi kwa haraka nikiwa nimegeuka nusu, nikimpigia kelele Kelvin afunge mguu wa kamera yake. Njiani niliwaandikia kundini waraka mrefu wa matusi ya heshima, ingawa walikuwa wamekaa nyuma yangu. Nikasikia simu zao zinalia moja moja.

Jumapili asubuhi nilifungua simu na hasira ikaanza upya. Picha ya Kelvin, sinia la Bi Mwanakheri juu ya kiti, halijaguswa, mwanga umelikaa vizuri, ilikuwa imependwa kuliko picha yoyote tuliyowahi kurusha. Watu ambao hawakuwepo waliandika mate yanawatoka. Waliokuwepo walijibu, "Acha tu!" Nilifunga simu nisije nikaivunja, kisha nikaifungua tena nikampigia Bi kumwomba radhi kwa niaba ya wote.

"Usihangaike nao," akasema. "Watu walikuja wameshiba. Aliyeshiba utamlaumu nini?"

"Wamekuaibisha mbele ya shemeji yako, Bi."

"Shemeji hakuwasema hao. Kasema hao ni watu wa mjini, wamepita njiani wamekula, hata mtoto anaona." Akaongeza, "Kaniuliza kuhusu wewe."

"Mimi?"

"Kasema, huyu anayekisifu chakula chako miaka mitatu, mbona yeye hakutia mkono? Kakaa saa nzima nyumbani, anatembea tu. Kama aliyewaleta mwenyewe hali, wewe unampikia nani?" Kisha Bi akasema, "Ningemjibu nini, mwanangu? Sahani yako niliifunika kawa mpaka alfajiri. Ulikuja na njaa, niliiona usoni. Mbona hukula?"

Watu thelathini na wawili walionja angalau tonge. Aliyeondoka nyumba ile mkono wake haujagusa chakula alikuwa mmoja, na ndiye aliyekuwa anapiga kelele. Wakubwa wetu wanasema hasira hasara, na mimi siku zote nilidhani hasara hiyo inampata mwenye hasira. Haikunipata mimi. Mimi nilirudi nyumbani nimejaa haki, na Bi Mwanakheri ndiye aliyelipa. Ningekaa tu. Ningekunja miguu kwenye mkeka mbele ya yule mzee nikala kama ninavyokula siku zote, kwa mkono mzima, mpaka mfupa wa samaki uonekane, na hoja yake ingekuwa imekufa hapo hapo, hata wengine wote wangelala usingizi.

Nilitoka bila kunywa chai. Bunju, Mapinga, Kerege, Kiromo, nilizipita zote nikitazama mbele. Saa saba mchana nilikuwa mlangoni kwa Bi. Alikuwa amepika wali kidogo na samaki mmoja, akaniwekea kwenye meza ndogo ya chumba cha mbele, akaenda kusimama mahali pake, kwenye mlango wa jikoni. Nikanawa. Nikasema bismillahi. Nikameza tonge la kwanza, nikatia la pili.

Bwana Shomari akaingia na mtu nyuma yake, kijana mtanashati mwenye utepe wa kupimia. Nikawaamkia, nikawakaribisha chakula, wakasema ahsante. Nikaendelea kula. Wakaanza na ukuta wa mlangoni, mmoja anashika ncha, mwingine anasoma. Kisha wakapima upande wa barabarani. Bi alikuwa ananitazama mkono tu.

Walipofika katikati ya chumba, utepe ulikuwa upite juu ya meza yangu. Yule kijana wa kuuza simu akainama kwa adabu.

"Samahani, dada. Unaweza kunyanyua sahani kidogo?"

Nilimtazama yeye, nikamtazama Bwana Shomari. Sikuinyanyua.