Hodi Tatu za Fakihi

Mimi Fakihi simpendi, na nalisema mapema ili asije mtu akaniambia naegemea upande. Naegemea. Kazija ni mtoto wa kaka yangu. Mama yake alifariki yeye angali ananyonya, nikamlea mimi hapa hapa Kiswere, na aliyemfanyia unyama ule akija kuniomba maji namwambia mtungi umepasuka.

Kazija alisomea kompyuta Dar es Salaam, kisha akarudi. Watu wakamcheka, eti Kiswere kuna kompyuta gani ya kumweka mtu mjini miaka yote ile. Yeye alikuwa na lake. Huku kwetu ukishatoka nje kidogo baharini simu haishiki, na wavuvi walikuwa na redio za zamani walizogaiwa na mradi mmoja, redio za kutuma maandishi. Ujumbe unakatwa vipande, wenyewe wanaviita pakiti, kila kituo kinapokea na kusukumia kingine mpaka ufike. Tatizo, kompyuta za siku hizi zinazoendesha vituo hivyo zilikuwa hazijui tena lugha hiyo ya kizamani. Kazija akaamua kuzifundisha upya, tena si kwa juu juu. Aliiandika ndani kabisa, kwenye kiini cha mfumo kinachoitwa keneli, mahali ambapo ukikosea kidogo tu mashine nzima inazima. Alikuwa akiitukana kompyuta mpaka namwambia, "Mwanangu, hicho kitu hakina masikio."

Kuna jambo alilifanya nikalipenda. Mashine kabla ya kutuma huiita nyingine kwanza, na isipoitikiwa huita tena na tena. Vitabu vinataka ihangaike sana. Kazija akaiwekea mara tatu, basi, halafu ikate.

"Hodi ni tatu, shangazi," akaniambia. "Usipoitikiwa unaondoka zako. Mimi sitengenezi mashine isiyo na adabu."

Sasa huyo Fakihi ndiye aliyekuwa mkuu wa mradi huo wa redio, ofisi yake Lindi mjini. Alikuwa akija hapa ananiamkia shikamoo kwa sauti ya asali, anakula pweza wangu, anaondoka na kazi ya Kazija kwenda kuikagua. Siku ya uzinduzi wa kazi hiyo kaka yangu Tawakali, na ugonjwa wake, alivaa kanzu ya Idi, tukaenda naye Lindi. Akakaa mstari wa mbele asikie jina la mwanawe. Fakihi akashika kipaza sauti, akasema kazi ile ameifanya yeye, peke yake, kwa jasho lake.

Kaka yangu akamgeukia Kazija. "Mbona sijakusikia?"

"Bado, baba," Kazija akamwambia.

Wakagawa soda, watu wakatawanyika. Masika hayajaanza, tukamzika Tawakali. Nilimchukia Fakihi siku ile mpaka mate yakawa machungu. Kazija hata hakulia. Alisema tu, "Nimemweka kiporo."

Kiporo kikaja kupashwa moto chenyewe. Wenye mfumo huko ng'ambo walitoa keneli mpya, na lugha ile ya kizamani wakaifuta, kwa kuwa kwao hakuna anayeitumia. Fakihi, kwa kupenda vipya, akaamuru vituo vyote vihamie humo. Redio zikawa bubu kutoka Lindi mpaka Kilwa. Na yule aliyeiandika peke yake kwa jasho lake hakujua hata pa kuanzia.

Akaja Kiswere. "Hodi," akaita mlangoni. Kazija alikuwa ndani anamenya mihogo. Akanitazama, akaweka kidole mdomoni. Hodi ya pili, ya tatu. Majirani wamejaa barazani wanamtazama, angefanyaje? Akaondoka. Kesho yake akarudi, tukamfanyia vilevile. Roho yangu ilikuwa kwatu.

Asichokijua ni kwamba redio zilikuwa zimeshapona. Kazija alikuwa ameandika upya kazi yake yote kwa keneli mpya, akapita kituo kwa kituo kuiweka, na wavuvi walikuwa wanapashana habari za upepo kupitia Kilwa bila shida yoyote. Majirani wote walijua, na wote wakimpa Fakihi pole kwa nyuso za msiba. Kituo kimoja tu Kazija alikiacha nje, cha ofisi ya Lindi: alikiwekea kazi hiyo Fakihi akiwa hayupo, ila vingine akavikataza kukiitikia. Kikiita, hakuna kinachokiitikia. Kinapiga hodi zake tatu, kinakata.

Wafadhili wakaja Lindi kuangalia mradi wao. Fakihi akaiita Kiswere mbele yao, kioo kikaandika: Hakuna aliyeitika. Akasema redio za wavuvi zimeharibika. Wao wakapanda gari mpaka hapa, naye nyuma yao, wakazikuta zote nzima. Na kila moja inapowashwa, mstari wa kwanza kwenye kioo unasema: Kazi ya Kazija binti Tawakali. Wakamuuliza Fakihi, huyo Kazija ni nani? Jasho lake safari hii tuliliona sote.

Kazija akatuma neno kwamba kituo cha Lindi amekifunga yeye, na Fakihi akaseme ukweli hadharani, kwa kipaza sauti. Akakubali, masikini wa Mungu. Pale sokoni kwenye samaki, watu tele, akasema, "Kazi hii ni ya Kazija binti Tawakali. Mimi niliiba." Kisha akamgeukia. "Dada yangu, nimesema. Sasa nifungulie kituo changu, kibarua kinaota nyasi."

"Nimekusikia," Kazija akamjibu. "Ila wa kusikia alikuwa baba. Nenda kamwambie, akiitika nitakufungulia."

Akashika njia ya nyumbani, nami nyuma yake. Fakihi tulimwacha amesimama na kipaza sauti chake, anatazama upande wa makaburini. Ofisi ya Lindi mpaka leo inaita na haiitikiwi. Watu wanasema Kazija ana roho mbaya. Anayo, na mimi ndiye niliyemlea.