Akina Mama Kumi wa Puge Hawakuitwa

Benchi la Puge lilikuwa tupu. Nimekuwa nesi wa kliniki ya selimundu hapa Tabora kwa miaka kumi na tisa, na sijawahi kuliona benchi lile tupu Ijumaa ya kliniki. Akina mama wa Puge huja kumi na mmoja kwa pamoja, kwa basi la kwanza, na viazi vyao vya kuchemsha, na watoto wao wenye macho ya manjano, na kelele zao. Ijumaa ile alikuja Benedikta peke yake, mwanawe mgongoni.

"Wenzako wako wapi?" nikamuuliza.

"Hawakuitwa, sista."

"Hawakuitwa na nani?"

"Na nyie."

Nilifungua daftari. Mwezi uliotangulia nilikuwa likizo, na nesi aliyenishikia zamu aliandika daftarini kwamba Puge amekuja mmoja, pengine mvua, watu wako mashambani. Kwa hiyo huu ulikuwa mwezi wa pili. Dawa zetu tunatoa za mwezi mmoja. Watoto kumi walikuwa wamekaa mwezi mzima bila kidonge, na mtoto wa selimundu asiye na dawa, mifupa yake ndiyo humwamsha. Nikampigia simu Batuli.

Nitamweleza Batuli kwa haki, maana ninampenda, na siku ile nilitaka kumchapa. Batuli binti Nasri ni mtoto wa Isevya, wa fundi baiskeli. Ana miaka thelathini na mmoja, hajaolewa, na ukimuuliza lini anakujibu kwamba kompyuta yake ni mume wa kutosha, nani atakubali kuwa wa pili. Alisoma Dar akarudi nyumbani, jambo ambalo majirani mpaka leo hawajalielewa. Ndiye aliyetuandikia, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python, programu inayomtumia kila mzazi ujumbe Jumatano kabla ya kliniki: mtoto fulani, njoo Ijumaa. Kabla yake tulikuwa tunawapa makondakta wa mabasi vikaratasi na kumwomba Mungu.

Aliwahi kunieleza kwamba programu ile hakuiandika yote yeye. Sehemu kubwa ni vipande vya watu wengine, wa nchi za mbali, wanaovitoa bure. Wenyewe huviita maktaba, japo havina kitabu hata kimoja. Kimoja husoma tarehe, kingine hutuma ujumbe, vyote pamoja ishirini na vitatu, na wenye vipande hawatulii, kila siku wanatoa toleo jipya.

"Kwa hiyo mzigo ni wako, kamba ni za watu," nikamwambia. Sisi wa Tabora mizigo tunaijua. Babu zetu waliibeba ya wengine hadi pwani. Akacheka sana.

Miezi miwili nyuma alikuja kliniki na sambusa. Alikuwa ameonywa kwamba matoleo yake ya zamani yana tundu la kupitisha wezi wa taarifa, akaketi alasiri moja akavipandisha vipande vyote ishirini na vitatu hadi matoleo mapya kwa mkupuo. Akajaribu, kila kitu kikaenda. Nikala sambusa tatu, nikamsifu. Baba yake akibadilisha mnyororo wa baiskeli hagusi breki mpaka aizungushe kwanza mtaa mzima. Binti hakuurithi uvumilivu huo, na mimi mla sambusa sikumkumbusha.

Basi Ijumaa ile alifika anahema, kompyuta kwapani, akaifungua juu ya meza yangu.

"Haina kosa, mama Mektilda. Tazama, kila Jumatano imeandika imefanikiwa."

"Imetuma ujumbe kwa wangapi?"

Akahesabu. Wagonjwa wetu ni mia mbili na kumi na nne. Ujumbe uliotoka ulikuwa mia moja sabini na mmoja. Akahesabu tena.

"Arobaini na watatu," akasema. "Mama, wameenda wapi?"

Akafungua maelezo ya toleo jipya la kile kipande cha kutuma ujumbe, maelezo aliyopaswa kuyasoma kabla. Akayasoma sasa, mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Ulikuwa mstari mmoja katikati ya mingine thelathini: kuanzia toleo hili, namba ikijirudia kwenye orodha itapata ujumbe mmoja tu, wa jina la kwanza, ili watu wasisumbuliwe.

Aliyeuandika mstari ule nadhani ni mtu mwema. Kwao kila mtu ana simu yake. Puge hapajui. Puge familia kumi na moja zimeandikisha namba moja, ya mzee Ngassa mwenye duka lenye sola, na ujumbe ukifika yeye humwambia mteja yeyote anayeelekea upande ule amwite mama wa mtoto. Hiyo si siri. Namba zile niliziandika mimi, Batuli akaziingiza kwa mkono wake. Lakini alipolijaribu toleo jipya alitumia simu za manesi, na sisi manesi kila mtu ana yake, wengine mbili.

"Nilijua!" akapiga kelele. "Namba ya mzee Ngassa naijua kwa kichwa!"

Nilimfokea. Nilimuuliza kama watoto wa watu ni sambusa. Nikajuta hapohapo, lakini neno likishatoka limetoka.

Tukampigia mzee Ngassa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ujumbe wa kliniki, mzee, ulipata wa watoto wangapi?"

"Mmoja. Wa mtoto wa Benedikta. Na mwezi uliopita hivyohivyo."

"Hukushangaa?"

"Nilishangaa sana. Ila hospitali ikimtaja mmoja, mimi muuza chumvi niongeze wengine?"

Batuli alilirudisha toleo la zamani la kipande kile, akalifunga lisibadilike bila idhini yake, kisha tukawatafuta waliobaki kijiji kwa kijiji kwa simu. Kulirudisha kulichukua dakika tano. Dakika tano! Nilitoka nje nikalia nyuma ya maabara.

Kesho yake asubuhi tulikwenda Puge na gari la hospitali na maboksi ya dawa. Akina mama tisa walikuwa wanatungoja dukani. Watoto wawili walikuwa wamevimba vidole, mmoja hawezi kusimama, lakini wote tisa wako hai, na nilimshukuru Mungu kwa sauti. Wa kumi hakuwepo. Ni Apolinaria, mama wa Dafrosa wa miaka saba, mtoto tuliyemlaza mara tatu mwaka jana. Tukamfuata nyumbani.

Alitupokea vizuri mno. "Mwangaluka," akatusalimu kwa lugha ya kwao, akatupa viti. Dafrosa alikuwa amelala kwenye mkeka, miguu imekunjwa, mwembamba hadi nikaogopa kumshika. Alikuwa anapumua. Nikampima homa, nikamwambia dereva aandae gari.

"Kwa nini hukuja dukani?" nikamuuliza mama yake. "Mzee Ngassa hakukwambia tumekuja?"

"Aliniambia. Nikajua mmewajia wale wengine."

"Wengine gani?"

"Wanaopona." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Mtoto wa Benedikta ana nafuu, akaitwa. Wangu hakuitwa. Nikasubiri mwezi mwingine, kimya. Tukaelewa. Daktari amechoka naye, ameona asitusumbue na safari. Katekista ameshakuja kumwombea. Na sare ya shule nimempa binti wa dada yangu."

Batuli alikuwa ameshateremka kwenye kiti, amekaa chini mbele ya yule mama, vumbi lote la uwanjani kwenye baibui lake.

"Hakuna aliyemkatia tamaa," akasema. "Ni mimi. Nilibadilisha kitu kwenye mashine bila kusoma maelezo yake. Jina lake lipo, mama. Halijawahi kutoka."

Apolinaria alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama anauliza nani kati yetu ni wa kuaminiwa.

"Lipo?"

"Lipo," nikasema.

"Basi niambieni," akasema, "siku nyingine mkinyamaza, nielewe nini?"

Batuli aliinuka, akambeba Dafrosa, akatembea naye hadi kwenye gari.