Goti la Timazi

Shemeji yangu ni fundi wa vigae. Kwa kuwa sakafu zake hazina mlima wala bonde, mafundi wenzake walimpa jina la Timazi, kile kipimo cha kamba na risasi cha kujua kama ukuta umesimama sawasawa. Tangu ujana wake amepiga magoti sakafuni. Hutandaza kigae, hukigonga kwa nyundo ya mpira, husikiliza, kisha hulaza shavu karibu na sakafu na kufumba jicho moja. Akikunja midomo, kigae kinang'olewa.

Binti yake aliolewa na fundi wa vigae pia, kijana mpole aliyejifunzia kazi kwake. Siku moja mkwe huyo alikuja kazini na kipimo cha taa, kidude kinachopiga mstari mwekundu wa usawa kuzunguka chumba kizima. Timazi alikichukua, akakigeuzageuza, akakitumbukiza kwenye ndoo ya saruji iliyokorogwa, mbele ya mwenye nyumba na vibarua.

"Mwanamume asiyeona sakafu mpaka awashiwe taa," akasema, "mke wake anamwonaje?"

Vibarua walicheka mpaka wakakaa chini. Mkwe alisema, "Samahani, baba," akakusanya vifaa vyake akaondoka. Tangu hapo alijitafutia kazi zake mwenyewe, na hakuna aliyewahi kumsikia akimsema baba mkwe wake vibaya.

Kisha goti la kushoto la Timazi likaanza kumsumbua. Kwanza asubuhi, halafu kwenye ngazi, mwisho akawa anashuka sakafuni kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Dada yangu, mkewe, alimpigia simu mkwe kwa sababu ndiye mwenye gari. Hakumwambia mumewe mpaka gari lilipokuwa mlangoni.

Daktari wa mifupa, mama mmoja mwenye sauti ya chini, aliwaonyesha picha kwenye kioo cha kompyuta. Goti lilikuwa limelika upande wa ndani tu. Upande wa nje ulikuwa mzima. Angebadilisha nusu hiyo moja, aweke chuma na plastiki ngumu.

"Kuna njia mbili," alisema. "Nikate mfupa kwa mkono, kwa vipimo vya kawaida na macho yangu. Au nitumie roboti. Msumeno bado naushika mimi, ila mashine inakuwa na ramani ya mfupa wako, na nikitaka kuvuka mstari inanizuia. Chuma tunachoweka ni kilekile."

"Ipi bora?"

"Mashine inanisaidia kukata palepale nilipopanga. Lakini kwamba miaka kumi ijayo utatembea vizuri kuliko niliyemkata kwa mkono, hilo sikuapii. Wengi niliowakata kwa mkono wanatembea vizuri tu. Wewe kazi yako nini?"

"Vigae."

Daktari alitabasamu. "Basi habari za mkono unazijua kuliko..."

"Mashine," Timazi alimkatiza. Na hakuishia hapo. "Mkono wa mtu una siku zake, daktari. Leo umeamka vizuri, kesho umegombana na watu nyumbani. Mfupa si kigae, ukikosea useme unang'oa."

Dada yangu alimtazama mumewe polepole, kuanzia viatuni hadi usoni. Mkwe alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fimbo ya mgonjwa.

"Ngoja nikaangalie gari," alisema, akatoka.

Gari halikuwa na tatizo lolote. Alikuwa ametoka ili asimtazame baba mkwe wake akiaibika, na Timazi alilielewa hilo. Masikio yalimwaka moto.

Upasuaji ulikwenda salama. Mkwe ndiye aliyemshika kiwiko alipojifunza kutembea na fremu ya chuma, ndiye aliyesimamia mazoezi ya kukunja goti, baba huku na baba kule. Alipobisha hodi, mara nyingine Timazi alijifanya amelala.

Baadaye daktari alimweleza wazi: kutembea atatembea, lakini kushinda amepiga magoti siku nzima, asitegemee. Akitaka kubaki kwenye vigae, ilibidi yeye asimame na mwingine akae chini. Na fundi aliyemwamini kukaa chini alikuwa mmoja tu.

"Ongea naye," dada yangu alimwambia.

"Nianzie wapi?"

"Mwambie ulichomwambia daktari. Siku ile ulikisema haraka sana."

Timazi aliniomba nimsindikize mimi. Hakutaka mkewe awepo. Tulimkuta mkwe kwenye sebule ya nyumba mpya, pamoja na vibarua wawili, mmoja wao wa siku ile ya ndoo. Mstari mwekundu ulizunguka kuta. Mkwe alisimama haraka, akapangusa kiti kwa mkono wa shati.

"Karibu baba, kaa hapa."

"Jamani, sogezeni ndoo," kibarua alinong'ona, kwa sauti ya kusikika.

Timazi hakukaa. "Nilikuharibia kifaa chako na nikakuaibisha mbele za watu," alisema. "Halafu goti langu mwenyewe niliogopa kumwachia mkono wa mtu. Ulinisikia. Nimekuja kuomba kazi."

"Yale yamepita, baba. Nilishasahau."

"Hujasahau."

Mkwe alitazama vigae. "Sijasahau," alisema.

Timazi aliinua macho, akaufuata ule mstari mwekundu ukutani. Kisha Timazi aliuliza kidude kile kinaendeshwaje. Mkwe alimpa, akamwonyesha kwa kidole, asithubutu kumwelekeza zaidi. Timazi alibonyeza asipopaswa. Mstari ukaruka kutoka ukutani, ukakatiza dari, ukamwangukia yeye mwenyewe kifuani. Vibarua wakaangua kicheko. Mkwe aliuma mdomo.

"Cheka," Timazi alisema.

"Baba, haifai."

"Hawa wanacheka. Cheka na wewe nisikie."

Mkwe alianza kidogo, kama anayekohoa. Kisha alicheka kweli, akacheka mpaka akashika ukuta, na Timazi akasimama palepale na kidude mkononi, ameinamisha kichwa, akimngoja amalize.