Mkaa wa senetwet na maziwa ambayo sikuchemsha

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi ni mtu wa kupunguza bei, si wa kupunguza ukweli. Hii nitaandika nzima, hata pale inaponiaibisha, na kuna mahali itaniaibisha sana.

Nafanya biashara ndogo Mogogosiek. Wazazi wangu walitoka Central wakaja kulima Kipkelion, nikazaliwa huko, nikaoa Mkipsigis anaitwa Chelangat. Kwa hivyo nina lugha tatu za kubargain nazo: ya wazazi, ya mke na Kiswahili.

Biashara ni mursik. Kwa wale wa mbali, ni maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu. Kabla ya kumimina maziwa unachoma kijiti cha mti unaitwa senetwet, ule wa maua ya njano. Mkaa wake ukiwa bado mwekundu unausugua ndani ya kibuyu mpaka pote pawe peusi. Hapo ndipo mursik inapata ile rangi ya majivu na ile harufu.

Mama mkwe ndiye alinifundisha. Yeye huchemsha maziwa kwanza, anayaacha yapoe kabisa, ndio anamimina. Nilikaa jikoni kwake siku tatu nikihesabu kila hatua. Mara mbili, kama kawaida yangu.

Sasa akili ya biashara ikaingia.

Nilisoma humu humu jukwaani, mdau mmoja ameandika kuhusu mimea na antibacterial compounds. Senetwet ilikuwa kwenye list. Eti wazee wetu hawakuwa wajinga, huo mti unaua bacteria.

Nikafurahi. Nikajiuliza, kama mkaa unaua, mimi nachemsha ya nini? Mdudu mmoja anauawa mara mbili? Kuni si rahisi hapa, na kungoja sufuria kubwa ipoe ni nusu siku.

Nikaacha kuchemsha. Sikumwambia mtu.

Na mursik ikatoka nzuri, wakuu. Hilo ndilo baya. Ingeharibika siku ya kwanza ningejifunza bila kuumiza mtu.

Tuje kwa ng'ombe.

Kuna jirani, mzee Kiprono, anafuga ng'ombe mmoja mkubwa. Nilimwendea asubuhi kutafuta maziwa.

"Bei ni ile ile ya wengine," akasema.

"Mzee, hiyo ni bei ya ng'ombe mwenye ndama. Wako yuko wapi?"

"Alitupa mimba. Ilikuwa karibu miezi saba."

"Basi unaona. Hata ng'ombe mwenyewe amekubali hayuko sawa na wengine."

Akacheka. "Wewe utanunua hata kivuli changu nusu bei. Haya, chukua. Lakini hayo uchemshe vizuri."

"Yatachemka," nikasema.

Someni tena hapo. Niliambiwa ng'ombe ametupa mimba, na kitu pekee nilichofanya na hiyo habari ni kuomba discount. Nikaenda nyumbani najipongeza.

Chelangat alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Kila kibuyu kipya yeye ndiye alikuwa wa kwanza kuonja, kwa sababu ulimi wake haudanganyi. Akisema bado, nafunga tena. Akisema iko sawa, nauza. Kwa wiki kadhaa akawa anaonja maziwa ya ng'ombe wa mzee Kiprono.

Ikaanza na joto la mwili jioni, asubuhi limeisha. Halafu jasho usiku, shuka linalowa. Halafu magoti na mgongo, mpaka kuinuka kitini ashike meza.

Nikampeleka kliniki ya sokoni. Clinical officer akasema inaweza kuwa brucella, ile homa ya kutoka kwa mifugo, twende hospitali akapimwe damu vizuri.

Mnajua vile huku ukiingia kliniki na kichwa kinauma unapewa typhoid na brucella pamoja, kama chai na mandazi. Nikaona ni ile biashara yao. Nikanunua tembe za maumivu nikamrudisha nyumbani.

Mimba ilitoka siku tisa baadaye, ikielekea miezi mitano. Alikuwa msichana. Mama mkwe ndiye alimpokea.

Hospitalini daktari, dada mdogo tu mpole, alituuliza kama tunafuga. Nikasema hapana.

"Maziwa mabichi mnakunywa?"

"Hapana," Chelangat akajibu. "Ni mursik tu, na bwana yangu huchemsha."

Akanigeukia. "Si unachemsha?"

Wakuu, mimi nina jibu la kila kitu. Siku hiyo lilikuwa neno moja: "Sichemshi."

Damu ilipopimwa ikawa ni brucella, ule ule ugonjwa unaofanya ng'ombe atupe mimba na unaopita kwenye maziwa mabichi. Daktari hakuniapia kwamba ndiyo iliyotoa mimba, alisema yaweza kuwa. Nikamwuliza kuhusu senetwet. Hakunicheka. Akasema kweli mimea mingi ina nguvu hiyo, lakini kitu kuua bacteria kwenye chupa ya maabara si sawa na mkaa kuosha kibuyu kizima cha maziwa yaliyotoka kwa mnyama mgonjwa.

Mama mkwe nilimwambia mwenyewe, jikoni kwake, pale pale aliponifundisha.

"Mkaa unalinda maziwa mazuri," akasema. "Haugeuzi mabaya kuwa mazuri. Nani alikuambia?"

"Nilisoma, mama."

"Ungeniuliza. Mimi sikuwa nalipisha."

Hiyo ndiyo lesson, sina nyingine ya kuwapa. Sikatai nguvu ya mti. Wale wazee waliusugua na bado wakachemsha, na mimi nikadhani wanajirudia.

Saa hii Chelangat anameza dawa za muda mrefu. Kila asubuhi nahesabu tembe mara moja tu. Mara ya pili anahesabu yeye. Haniamini tena.

Sasa sababu ya huu uzi.

Vibuyu nilivyouza vya maziwa yale ni kumi na vinne. Nilihesabu mara mbili nikiomba ya pili ipungue. Nimeenda mlango kwa mlango. Bibi mmoja alinimwagia iliyobaki kwenye viatu, akaenda kupimwa. Mzee Kiprono naye ameita vet. Watu kumi na wawili nimewapata.

Bado wawili. Mmoja ni jamaa mrefu aliyesema anaipeleka Chebunyo kwa sherehe ya mahari. Hiyo lazima ilinywewa na watu wengi. Mwingine ni mama wa sweta ya maroon. Alinibembeleza nimpe kibuyu kizuri zaidi kwa sababu anampelekea binti yake aliyejifungua, na nikampa kizuri zaidi.

Kama ni wewe, au unamjua, au ulikunywa kwenye hiyo sherehe na sasa unapata joto la jioni na viungo vinauma, usingoje. Nenda hospitali upimwe damu, waambie ulikunywa maziwa ambayo hayakuchemshwa.

Na nyinyi mnaotengeneza mursik, niambieni hapa chini kama mnachemsha, bila kuficha.

Wa kunitukana pia karibuni. Leo nachukua kwa bei yenu.