Kura Kwanza, Posa Baadaye

Posa yangu ilipangwa Jumapili, na serikali nayo ikapanga kura Jumapili ileile. Habari ilipomfikia papa, baba yangu, mitungi ya kasiksi ilikuwa imeshatengenezwa pande zote mbili, na pombe ya ndizi haijui kungoja, ukiikawiza inageuka siki. Papa akasema bakwe, jamaa ya muchumba wangu, wapige kura yao asubuhi kule mujini, saa sita wawe wamefika kwetu Nyantende. "Kupiga kura ni kazi gani?" akauliza.

Kweli, kupiga si kazi. Kungoja ndiyo kazi. Watu wa chifu walitugongea mulango kabla ya mapambazuko kana kwamba nyumba inaungua, maana kura ilikuwa ya lazima kwa kila mutu, hata kama mugombea alikuwa mumoja tu, Raisi mwenyewe. Tulisimama mbele ya shule ya misheni mpaka miguu ikafa ganzi. Kila mustari ulipotaka kusogea, waliuzuia ili vijana wa animasio wacheze na kumuimbia Raisi, na sisi tupige makofi. Mimi, ambaye nilitakiwa niwe nyumbani nasukwa nywele! Nilinuna waziwazi mpaka shangazi yangu, dada ya papa, akanifinya.

"Cheka kidogo, mutoto. Ule askari iko nakuangalia."

Nikacheka na meno tu. Zamu yangu ilipofika, niliona mezani karata za kijani, za kusema ndiyo, na karata nyekundu, za kusema hapana. Zile nyekundu zilikuwa bado zimefungwa kamba, na askari ameweka kiwiko chake juu yake. Nikachukua ya kijani, nikaitumbukiza ndani ya sanduku, wakanipigia muhuri kwenye karata yangu ya uraia. Kupenga kamasi kunachukua muda zaidi.

Tukarudi mbio, nikasukwa, nikavalishwa kikwembe kipya, nikakaa. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Ukoo mzima ulikuwa umejaa uwanjani na njaa yake, na wanawake walishaanza kunong'ona kwamba labda bakwe wamebadili mawazo. Kwetu, bakwe wakikawia namna ile, jamaa ya binti ina haki ya kuwafungia mulango, na binti anabaki na jina la aliyeachwa kabla ya kuolewa. Shangazi alishatangaza kwamba jua likigusa kilima, atawagawia majirani pombe na mambo yatakuwa yamekwisha. Yule kijana wangu, mwalimu aliyepanga chumba huko Nyawera, nilimtukana moyoni kwa Mashi, lugha yetu, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa cha masista. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na woga.

Wakafika jua likiwa limeshainama. Abakosti ya kijana, suti isiyo na tai, ilikuwa imelowa jasho, viatu vimejaa vumbi. Mbele yake alitangulia tonton yake, ndugu mudogo wa baba yake, aliyekuwa musemaji wao, na nyuma yao wabebaji, mitungi kichwani. Wakautua mutungi wa kwanza mbele ya papa. Majani ya mugomba yaliyofunika mdomo wa mutungi yalikuwa yamefunguliwa na kufungwa upya ovyoovyo, na pombe ilikuwa imepungua. Mutungi ule hufunguliwa na baba wa binti peke yake. Kuuleta umeguswa ni kusema binti mwenyewe ni kitu cha kuokota.

"Nani amekunywa pombe ya mutoto yetu?" shangazi akauliza.

Tonton akavua kofia. "Ni Leta, maman, ni serikali yenyewe. Mustari ilikuwa natoka kwa biro ya kura mpaka ndani ya soko, na bila muhuri askari ba barabara habawezi tuacha tupite. Nikamuambia shefu ya biro tuko na posa. Akaniita sitwayeni, raia, akasema, 'Leo hakuna posa, kuko kura.' Lakini macho yake ilikuwa kwa mutungi. Basi nikafungua, ili batupitishe mbele."

"Na mbona mumekawia?"

"Ule wa muhuri ndiye alikunywa kupita bote. Akalala na muhuri mu mukono."

Aka! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi hakucheka. Papa naye hakucheka. Aliutazama mutungi, kisha akaniita.

Desturi inataka binti achote kikombe. Akimpa baba yake, amekubali. Akikiweka chini, bakwe wanarudi kwao. Lakini ni desturi ya kuonyesha tu, maana shangazi husimama nyuma ya binti na kumsukuma begani, na sijapata kuona kikombe kikiwekwa chini. Shangazi alishanishika bega. Papa akamuambia aniache.

"Sikia," akaniambia. "Ukikatala, nitabasindikiza bageni mpaka ku barabara na heshima yao, na hakuna mutu atakusema hapa kwangu. Ukikubali, tutakunywa yenye imebakia. Niko nangoja."

Akangoja kweli. Nilichota kikombe, nikabaki nacho mkononi. Nilimtazama kijana. Hakunibembeleza, hakutabasamu, alikuwa ameogopa kama mimi. Machozi yakanijaa, si kwa sababu yake, ni kwa sababu ya papa, maana tangu nizaliwe hakuna aliyekuwa ameniuliza neno na kukaa kungoja jibu. Hasira yangu bado ilikuwepo, nikaipima. Mutoto mumoja akalia, akanyamazishwa. Tonton akakohoa, akasogea ili aongeze maneno.

Papa akamuinulia mukono. "Muache," akasema. "Iko nafikiri."

Nikafikiri mpaka nikamaliza. Kisha nikapiga magoti, nikampa papa kikombe kwa mikono miwili.