Khalas, na Kontena la Kwenda Australia

Siku yangu ya kwanza kazini nilifunga birika moja la chai kwa dakika ishirini. Nililizungushia karatasi, nikaona mdomo umebaki nje, nikalifungua, nikaanza upya, nikauziba mdomo, kisha nikaona mkono nao unahitaji shati lake. Nyapara wetu, mtu wa Kerala aliyeanza kuhamisha watu kabla mimi sijajua kunyoa, alisimama nyuma yangu mpaka nikamaliza.

"Rafiki yangu," akasema, "unalifunga au unalipeleka harusini?"

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kufunga mizigo ya watu wanaohama hapa Doha, kazi niliyoifanya hadi nilipostaafu mwezi uliopita. Vijana wanaofika sasa huniuliza ilikuwaje zamani, hasa wakisikia kwamba sehemu kubwa ya maisha yangu nimewapeleka Waingereza Australia. Niseme mapema: Uingereza sijafika, wala Australia. Mimi ni mtu wa nyumbani. Nikiwa likizo Kenya, nikienda kulala kwa shemeji yangu kule Mwatate usiku mmoja tu, hurudi nimechoka kama mtu aliyetoka vitani. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuwang'oa wenzake.

Baada ya birika hilo, mwaka wa kwanza wote niliwekwa ghalani, Industrial Area, mtaa wa viwanda wa Doha, nikikunjua katoni chini ya Mkuu wa Ghala, mzee wa Kisudani aliyeamini kwamba mtu asiyejua kubandika selotepu iliyonyooka hajalelewa. Baadaye nikapelekwa majumbani. Huko ndiko nilikojifunza kwamba sahani hailazwi. Husimamishwa kwa ubavu, kama vitabu kabatini, maana ikilala na kubebeshwa nyingine hupasuka katikati. Glasi hujazwa karatasi tumboni kwanza. Karatasi yenyewe ni nyeupe isiyochapishwa. Gazeti huacha wino, na hakuna anayetaka kufika Perth akute matokeo ya mpira kwenye kikombe chake. Vitabu huingia katoni ndogo, mito katoni kubwa. Mgeni wa kazi hufanya kinyume, halafu huita watu wanne wamsaidie kuinua. Kila katoni ina namba, na namba huandikwa kwenye orodha pamoja na jina la chumba na vilivyomo ndani. Nyapara hakutaka kuona neno "mchanganyiko" kwenye orodha yake. "Mchanganyiko ni chakula cha kuku," alikuwa akisema.

Mizigo ya Australia ilikuwa na adabu zake. Watu wa karantini kule hawataki udongo wa nchi nyingine, hata ule ulioganda kwenye soli. Kwa hiyo tuliosha kwa mswaki viatu vya kupandia milima, tairi za baiskeli, reki, hata vigingi vya hema. Kifyonza vumbi kilikung'utwa mpaka kikasahau kazi yake. Asali, mbegu, vikapu vya majani makavu, mapambo ya Krismasi yenye matunda ya msonobari, vyote viliachwa nyuma.

"Baba Zawadi," Wafula alinitania siku moja, "viatu vya huyu mzungu umeviosha kuliko vyako tangu uzaliwe." Wafula ni wa Bungoma, tulifanya kazi pamoja miaka tisa, na sikumbuki siku aliyoniacha salama. Kwa bahati mbaya, la viatu lilikuwa kweli.

Halafu kuna plagi. Uingereza, Qatar na kwetu Kenya plagi ni ile ile, ya vidole vitatu bapa. Ya Australia vidole vyake vimeinama kama nyusi za mtu aliyekasirika. Niliwashauri wateja wabebe waya mrefu mmoja wenye matundu mengi, wakifika wabadilishe plagi ya mwisho tu, na vyombo vyao viendelee kujiona viko nyumbani. Nilitoa ushauri huo kwa sauti ya mtu aliyehama mara kumi.

Lakini kazi hii ina saa yake ya ndoto, na hiyo ndiyo iliyoniweka miaka yote. Ni pale lori limeshaondoka, nyumba imebaki tupu, sauti yako ikigonga ukuta na kukurudia. Zulia lina mashimo manne ambapo kitanda kilisimama. Ukutani kuna mraba mweupe uliokuwa nyuma ya picha. Hapo nilikuwa nikisimama na ufagio na kuanza safari. Nilikiona kile kikombe cha bluu kikilala gizani baharini wiki nyingi, kikishuka mahali ambapo mwezi wa kwanza ni kiangazi, mtu akikivua karatasi yangu polepole. Nilijua meza ya nani imewekwa chini ya dirisha gani, na mti gani unaonekana kupitia dirisha hilo. Nimeishi Perth na Brisbane miaka mingi kwa namna hiyo, bila viza. Nyapara ndiye aliyekuwa akinirudisha. "Rafiki yangu, umefika wapi leo? Fagia."

Kosa langu kubwa nililifanya nikiwa mkongwe tayari, mwezi wa kwanza wa mwaka juzi, na lilitokana na neno moja.

Katika kila nyumba tulitenga chumba kimoja cha vitu visivyofungwa: pasipoti, tiketi, dawa, chaja za simu. Mlangoni tulibandika karatasi nyekundu. Sisi tulikiita chumba haramu, na hakuna mfungaji aliyekanyaga humo. Madam Helen, mwalimu Mwingereza aliyekaa kwenye villa moja Umm Salal, alikitenga vizuri kabisa. Mume wake alikuwa ametangulia Adelaide kwa ajili ya kazi na nyumba. Yeye alibaki kufunga mizigo na kumleta mama mkwe wake, bibi wa zaidi ya miaka themanini, aliyefika kutoka Uingereza wiki tatu kabla. Nyumba ya bibi huyo kule kwao ilikuwa imeuzwa, na fanicha yake ilikuja kwa meli ikakaa ghalani kwetu, ili iingie kontena moja na ya mwanawe.

"Kila asubuhi ananiuliza tunarudi nyumbani lini," Madam aliniambia akiwa anatenganisha vijiko. "Viza yake tumeingoja miaka. Ina siku ya mwisho ya kuingia. Tukiruka kesho kutwa, tunaiwahi kwa siku moja."

"Na mkichelewa?"

"Inakufa. Na hana tena pa kurudi."

Nilitikisa kichwa kwa huruma, nikaenda chumba cha kusomea kuendelea na kazi. Nikafungua droo ya chini ya meza. Madam alikuwa amesimama mlangoni, simu sikioni, akizungumza na shule yake. Nikamwonyesha droo kwa kidole: hii je? Akapunga mkono. "Khalas," akasema, akarudi kwenye simu.

Sasa, neno hilo la Kiarabu kila mtu Doha analo, na kila mtu ana lake. Madam alimaanisha achana nayo, vilivyomo nitavihamishia chumba haramu mwenyewe. Sisi wa Industrial Area tulifundishwa neno hilo na manyapara, na kwetu lina maana moja: maliza. Nikamaliza. Droo nzima, pamoja na bahasha ya kahawia, iliingia katoni namba kumi na saba. Nikaandika "chumba cha kusomea: kalamu, nyaya, karatasi," na nakumbuka niliusifu mwandiko wangu.

Kesho yake tukapakia. Kontena likafungwa kwa lakiri, ile pini ya chuma yenye namba ambayo haikatwi bila saini ya meneja, likapelekwa kwenye yadi yetu kungoja lori la bandarini. Siku ya safari, saa tatu asubuhi, Nyapara alitukusanya.

"Pasipoti ya Madam na ya bibi hazionekani. Ndege ni ya jioni. Nani alifunga chumba cha kusomea?"

"Mimi," nikasema.

"Droo ya chini?"

"Alisema khalas."

Nyapara alifumba macho. "Khalas gani?"

"Hilo ndilo sikuuliza."

Meneja alitia saini, lakiri ikakatwa. Katoni za vitabu na karatasi hupakiwa kwanza kwa sababu ni nzito, kwa hiyo namba kumi na saba ilikuwa ukutani kabisa, mwisho wa kontena. Vitu vya bibi ndivyo vilivyopakiwa mwisho, basi ndivyo vilivyotoka kwanza. Tukatandika zulia lake chini ili vitu visiguse mchanga, tukaweka juu yake sofa ya kijani, meza ndogo, taa ya kusimama, na saa yake ya mbao.

Madam alifika kwa teksi pamoja na bibi, maana hakuwa na wa kumwachia. Bibi alishuka, akasimama akitazama. Jua la mwezi wa kwanza lilikuwa pole. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye sofa, akakaa, akaweka mkoba mapajani.

"Taa iko upande usio wake," akasema.

Nikaihamishia kushoto.

"Shosho ameshahamia," Wafula akaninong'oneza akipita na katoni. "Baba Zawadi, mletee mwenye nyumba chai."

Nikamletea, kwenye kikombe cha karatasi. Fundi mmoja wa gereji ya jirani alikuja kuchungulia, na alipofika kwenye zulia akavua ndala. Hakuna aliyemwambia. Bibi akamkaribisha kwa kichwa. Kisha akanigeukia.

"Hii ndiyo Australia?"

Nikamsogezea meza ndogo karibu.

"Nilidhani kuna joto zaidi," bibi akasema, akanywa chai.

Saa saba mchana Wafula alipiga mluzi toka ndani ya kontena. Namba kumi na saba. Niliifungua mwenyewe, na bahasha ilikuwa chini ya nyaya. Madam aliipokea, akaifungua, akahesabu pasipoti mbili kana kwamba zingeweza kuwa tatu.

"Nilisema khalas, sivyo?"

"Ulisema, Madam."

"Nilimaanisha acha."

"Mimi nilisikia maliza."

Alicheka, na machozi yakamtoka hapo hapo. "Haya. Mama, twende. Ndege."

Bibi hakuinuka. "Mimi nimeshafika," akasema. "Nimesafiri vya kutosha. Wewe nenda, utanikuta hapa."

Madam alimbembeleza, akapiga magoti zuliani, akamwonyesha tiketi. Bibi alimpapasa mkono kwa upole na kutazama saa yake ya mbao. Nyapara alitazama ya mkononi. Kumwinua mzee kwa nguvu hakuna aliyethubutu, na sofa hatukuweza kuirudisha ndani ya kontena akiwa juu yake.

Sheria ya kwanza ya kazi yetu ni kwamba mfungaji hakai kwenye fanicha ya mteja. Miaka kumi na tisa sikuivunja. Siku ile nilienda nikakaa kando yake. Sofa ilikuwa nzuri, ya kukuzamisha kidogo.

"Hata mimi sipendi kusafiri, Mama," nikamwambia.

"Basi kwa nini unazunguka na vyombo vya watu?"

"Hilo hata mke wangu huuliza."

Akatabasamu. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa naijua kazi yangu, hata kama sikujua kitu kingine. "Hivi vitu vinaondoka kesho kwa meli, Mama. Watakaovipokea kule ni wabebaji tu, kama mimi. Watafika mlangoni na sofa begani, hawajui iende chumba gani. Hawana hata ufunguo. Ni lazima mwenye nyumba awe ametangulia."

Alifikiri. "Ufunguo anao nani?"

"Mwanao."

"Huyo?" akasema. "Huyo amepoteza funguo zote nilizowahi kumpa." Akafunga mkoba wake kwa kishindo kidogo, akanishika bega, akasimama. "Helen, unangoja nini? Watu wataleta sofa hakuna wa kufungua."

Nilimtembeza hadi kwenye teksi. Alikuwa mwepesi, kama katoni ya mito. Kabla mlango haujafungwa aliniambia, "Taa kushoto," nami nikamwahidi nitaandika. Niliandika kwa maka peni nyeusi kwenye katoni ya taa, pande zote nne.

Waliwahi ndege. Baada ya wiki nyingi Madam aliiandikia ofisi kwamba siku lori lilipowafikishia mizigo Adelaide, bibi alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi, amevaa koti, ufunguo mkononi, na hakumruhusu mtu yeyote kuushika. Nyapara alinisomea barua hiyo hadi mwisho. Kisha akanipa barua yangu ya onyo kuhusu droo ya chini, nikaisaini.

Sasa nami zamu yangu imefika. Ofisini walinipa cheti na mkono, na Wafula akatoa hotuba ambayo siwezi kuiandika hapa kwa heshima ya wasomaji. Mnaoanza kazi hii mtafundishwa kubandika selotepu, na mtaweza. Kitakachowachukua muda ni kuuliza mara ya pili mtu anapowapungia mkono. Mimi kilinichukua miaka kumi na tisa, na bado nililipata jibu ndani ya kontena.

Ndege yangu ni ya wiki ijayo. Nyumba yangu kule Kenya nimeijenga nikiwa huku, nimelala ndani yake likizo chache tu, lakini kichwani nimeishi humo kuliko Brisbane. Jana mke wangu alinipigia simu akaniuliza kiti changu kikae wapi, sebuleni au barazani, maana amepaka rangi. Nilimwambia akiache pale nilipokiacha. Na kama alikwisha kukisogeza, akirudishe kabla sijafika, wala asiniambie.