Adui Yangu Alifungiwa Chooni Siku ya Mfungo Wangu

Siku adui yangu alipofungiwa chooni, aliyeitwa kumfungua ni mimi. Na siku hiyo nilikuwa nimefunga.

Msicheke kwanza. Nikisema nimefunga ni ule mfungo wa maombi, sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi, namwomba Mungu amfungie yule mtu milango yote. Milango yote, ndivyo nilivyoomba. Choo sikukitaja, hicho Mungu aliongeza mwenyewe.

Ngoja nianze mwanzo mnielewe.

Mimi ni mwanamke, na kazi yangu ni fundi wa vitasa. Kufuli, makomeo, kuchonga funguo, milango iliyogoma, leteni. Nilifundishwa na marehemu baba, na sheria yake ilikuwa moja tu: usifungue mlango wa mtu kabla hujajua mwenye nyumba ni nani. Mwizi naye huita fundi.

Nyumba yetu mimi na mume wangu tuliijenga polepole, chumba kwa chumba. Kila kitasa mle ndani nilikitia kwa mkono wangu. Geti nililipaka rangi ya bluu mwenyewe, nikiwa na mimba ya mtoto wa pili.

Mume wangu akaugua, akafa. Tukazika. Nikaenda na wanangu kwa mama yangu kupumzisha kichwa, wiki chache tu.

Narudi, ufunguo wangu hauingii.

Najaribu tena. Hauingii. Mimi, fundi wa vitasa, nimesimama mlangoni kwangu kama mchuuzi wa sabuni.

Mlango ukafunguliwa kutoka ndani. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, katokeza kavaa ndala za marehemu. Nyuma yake mkewe, kashika ufagio, kainamisha kichwa.

"Shemeji," akaniambia, "hii ni nyumba ya mdogo wangu. Damu ni damu. Wewe bado kijana, utaolewa. Nenda salama."

Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Huyu wangu aliniambia, tena mchana kweupe, watoto wanasikia.

Nikamtazama mkewe, nikasubiri aseme neno. Mwanamke mwenzangu, mama mkubwa wa wanangu, aliyewabeba mgongoni. Hakusema kitu. Tangu siku hiyo nikambandika jina: Bubu.

Karatasi zote za nyumba zilikuwa ndani, na ndani alikuwa yeye. Popote nilipokwenda kulalamika nilikuta ameshatangulia na maneno yake matamu. Kanisani alisema niliondoka mwenyewe, kwamba nimepata bwana. Watu wakaacha kunisalimia. Nikahamia na wanangu kwenye kibanda changu cha kazi, tukalala kati ya mbao na mashine ya funguo, tumeteremsha shata mpaka chini.

Hapo imani ilitaka kunitoka. Nasema ukweli. Nilimwambia mama yangu kwenye simu, "Kusali nimeacha. Anayesali sana ndiye aliyelala kitandani kwangu."

Mama akaniuliza, "Kwa hiyo amekuchukulia nyumba, na Mungu pia umemwachia amchukue?"

Nikahamishia simu sikio la pili.

"Sali na hasira yako hivyo hivyo," akasema. "Mungu si mgeni wa kumfichia vyombo vichafu."

Basi akanipa kazi za kila siku, kama mtu anayempangia mgonjwa dozi. Asubuhi, kabla shata haijapanda, Sala ya Bwana na watoto. Mchana, zaburi moja, hata kama mikono ina grisi. Jumatano, mfungo. Jioni kabla ya kulala, kila mtu ataje jambo moja la kushukuru.

Nilizifanya zote. Hazikunitoa kibandani, lakini zilinisimamisha. Mtu anayejua asubuhi atapiga magoti hawezi kulala chini moja kwa moja. Jioni binti yangu mkubwa alishukuru kwa daftari jipya. Mdogo wake karibu kila siku alishukuru kwamba panya hakupita.

Lakini nilisali kwa namna yangu.

Zaburi nilichagua zile za wenye hasira, zile za kumvunja adui meno. Jumatano nilifunga na kuomba hivi: "Bwana, mfungie milango yote. Yeye na Bubu wake. Kila watakakogonga, wakute kufuli." Nilikuwa nachonga funguo huku naomba, tupa inakwaruza chuma, na roho yangu inaona raha.

Na kwenye Sala ya Bwana, kuna ule mstari wa kuwasamehe waliotukosea. Mnaujua. Nikifika pale nilikuwa nanyamaza, watoto wanausema, halafu naingia mstari unaofuata.

Siku moja mkubwa akaniuliza, "Mama, mbona pale unaruka?"

"Siruki. Napumzika."

"Unapumzika palepale kila siku?"

"Ndipo pumzi inapoishia. Kavae viatu."

Ikapita hivyo, mwaka unaelekea kuisha. Nikasikia kwamba shemeji anatawazwa mzee wa kanisa Jumapili. Mzee wa kanisa! Nilikaa chini nikacheka peke yangu mpaka mteja akaondoka. Halafu nikalia.

Jumatano ya wiki ile nikafunga. Sikuomba maneno mengi. Nikasema tu, "Bwana, kama na hili utaliacha lipite, mimi na wewe tutaongea vibaya."

Alasiri simu ikalia. Namba ngeni, sauti ya mwanamke, ya chinichini.

"Fundi, kuna mtu amefungiwa chooni na wageni wamejaa. Nyumba yenye geti la bluu, nyuma ya shule. Njoo na vifaa." Akakata.

Geti la bluu, nyuma ya shule.

Nikachukua mkoba wa kazi, nikaenda. Njiani nilikuwa natabasamu kama mwendawazimu.

Nakuta sebule imejaa. Sebule yangu, jamani. Akina mama wa kanisa wamekaa kwenye makochi yangu, mchungaji katikati, ibada ya kumshukuru Mungu kwa ajili ya mzee mtarajiwa. Mzee mwenyewe hayupo. Kule kwenye korido mlango unagongwa kutoka ndani, du, du, du.

Bubu akanipokea kavaa aproni, kashika sinia la glasi za juisi. "Karibu, fundi," akasema, kana kwamba hatujawahi kuonana.

Nikapita bila kumjibu. Nikapiga magoti mbele ya mlango.

Sasa, mlango ule naujua. Mwanangu mdogo aliwahi kujifungia mle akiwa mtoto, akalia mpaka akapoteza sauti. Baba yake akaamua ufunguo wa choo ukae nje, kwenye msumari ukutani, na ndani tukatia komeo dogo, juu kabisa. Nikachungulia upenyo wa mlango, penye kitasa. Ulimi, kile chuma kinachoingia kwenye fremu, umetoka wote, umezungushwa mara mbili. Hakikukwama kitu. Kimefungwa kwa ufunguo, kutoka nje.

Nikatazama msumari. Mtupu.

Nikajisemea, leo malaika ameshuka na ufunguo ameondoka nao.

"Nani hapo?" sauti ikatoka ndani.

"Fundi."

"Ah, afadhali. Komeo nimeshafungua lakini mlango haufunguki. Fanya haraka, fundi, humu joto, na mchungaji ananisubiri."

"Nafungua, baba," nikasema, sauti ya kazini. "Ila ufundi wetu una sheria. Sifungui mpaka nijue mwenye nyumba ni nani. Siku hizi wezi wengi."

"Mwenye nyumba ndiye mimi."

"Nyumba uliipataje, baba?"

"Shemeji?" akasema polepole.

"Abee, shemeji."

Jamani, hiyo "abee" ilikuwa tamu. Nilikuwa na njaa ya siku nzima, lakini hiyo ilinishibisha.

Sebuleni maongezi yakakatika. Mchungaji akasimama, akaja mpaka kwenye korido. Shemeji akashusha sauti, akaweka mdomo karibu na kitasa. "Shemeji, nifungulie tuongee vizuri tukiwa nje."

Nikageuka. "Mchungaji, anasema nimfungulie tuongee nje."

"Punguza sauti," akanong'ona.

"Sasa anasema nipunguze sauti."

"Shemeji, tafadhali."

"Tafadhali ndiyo jina la mwenye nyumba?"

Mama mmoja akakohoa, na kile hakikuwa kikohozi. Nikakaa chini sakafuni, nikaegemea ukuta, nikaweka bisibisi mapajani. Haraka ya nini? Mimi nilisubiri mwaka.

Nikamsikia anahema. Akagonga tena, safari hii kwa kiganja, bila nguvu. Akasema, "Ni nyumba ya mdogo wangu."

"Mdogo wako yuko kaburini. Aliwaachia akina nani?"

"Wewe. Na watoto."

"Sema kwa nguvu, wageni hawasikii."

"Nyumba ni yako na wanao," akasema kwa sauti ya kulia. "Mlikuwa hampo, nikabadilisha vitasa. Hukuondoka mwenyewe. Basi, nifungulie."

Mchungaji akasema, "Nimesikia. Sote tumesikia. Lakini wewe uliniambia mama huyu amepata bwana."

Ndani, maji ya choo yakavutwa.

Sitawadanganya, nilifurahi. Sikumwonea huruma hata kidogo. Za mwizi arobaini, yake ilimkuta chooni, na nilitamani wanangu wangekuwepo waone.

Nikafungua mkoba nianze kazi. Ndipo mkono ukashuka kutoka juu, ukaniwekea kitu kiganjani.

Ufunguo. Ulikuwa wa moto, wa kushikwa muda mrefu.

Nikainua macho. Bubu. Sinia kaliweka chini.

Nikazungusha ufunguo mara mbili, mlango ukafunguka. Shemeji akatoka, shati limemlowa mgongoni, tai imepinda. Mchungaji akaniuliza, "Kwani kitasa kilikuwa na nini?"

Kabla sijajibu, mwanamke ambaye kwa mwaka mzima nilimwita Bubu akasema mbele ya kanisa zima:

"Hakikuwa na kitu. Nilimfungia mimi. Na fundi nimemwita mimi, kwa simu ya jirani." Akamgeukia mumewe. "Kila siku nilikwambia tuwarudishie yatima nyumba yao, ukaniambia nikanyamaze jikoni. Nikaona labda ukikaa mahali pamoja utanisikia."

Shemeji akaanza kunyoosha tai yake. Mchungaji akamshika bega, akamwambia habari ya Jumapili haipo tena, na kwamba kanisa litasimama na mimi mpaka mzigo wake wa mwisho utoke humo ndani. Shemeji alitoka kabla ya mwisho wa mwezi. Siku anahama niliweka kiti getini, nikakaa, nikaangalia kila kitu kikipita. Ndala za marehemu nilimvua.

Lakini ninachotaka kuwaambia hasa ni cha jikoni, siku ile ile, wageni walipotawanyika.

Nilimkuta Bubu anaosha glasi. Nikamwambia, "Dada, kunywa basi juisi kidogo, umesimama tangu nije."

"Sinywi mpaka jua lizame," akasema. "Leo Jumatano. Nafunga."

"Unafunga Jumatano?"

"Tangu siku mlipotoka. Nilikuwa namwomba Mungu awarudishe. Na mimi anipe mdomo, maana siku ile pale mlangoni nilikosa la kusema, na usingizi haukunirudia vizuri tena."

Sasa bubu nikawa mimi.

Yaani kila Jumatano wanawake wawili tulikuwa na njaa kwa ajili ya nyumba moja. Yeye ananiombea mimi nifunguliwe, mimi naomba yeye afungiwe. Na Mungu anatusikiliza wote wawili. Ufunguo niliokuwa naulilia ulikuwa mkononi mwa mtu ninayemlaani.

Nilimwambia yote, hadi lile jina. Aliosha glasi ile ile muda mrefu, kisha akasema, "Jina lenyewe halikuwa la uongo." Tukalia, tukacheka, jua likazama, tukala pamoja mkate na chai. Na mniamini, habari hii ni yeye aliyeniambia niiandike.

Asubuhi ya kwanza tuliyoamka nyumbani, tulipiga magoti sebuleni, mimi na wanangu. Tukaanza Sala ya Bwana. Tulipofika kwenye ule mstari, nikavuta pumzi.

Kwa ajili ya mama yao mkubwa, ulinitoka vizuri. Nilipomkumbuka mumewe, niliumalizia haraka haraka, kama mtoto anayemeza dawa chungu huku kabana pua. Hadi leo ndivyo ninavyousema. Dawa ni dawa.

Wewe uliyedhulumiwa, usimwachie mwizi na magoti yako. Sali asubuhi, funga, shukuru kwa panya ambaye hakupita. Na kama una hasira, nenda nayo hivyo hivyo, mimi siwezi kukukataza. Ila ukitaja majina mbele za Mungu, taja polepole, maana huyo unayemtaka afungiwe huenda ndiye aliyeshika ufunguo wako.

Tulipoinuka, mkubwa wangu alinitazama sana.

"Mama," akasema, "leo hujapumzika."